Reli Mbili Chini ya Mteremko wa Manyoni

Nilialikwa Manyoni kuwasikiliza watoto wa madrasa moja wakisoma juzuu zao, na kwa kuwa shughuli ilikwisha mapema, niliazimia kushuka hadi Makutupora nikaione kwa macho yangu reli mpya ambayo habari zake zimejaa katika kila baraza.

Kutoka Singida mjini nilikuwa nimepanda basi alfajiri. Njia ya Ikungi yajulikana: majabali yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, mashamba ya alizeti kulia na kushoto, na kando ya barabara madumu ya mafuta, mwenyewe amekaa kivulini akingoja mnunuzi. Shemeji yangu ni mmoja wa wakulima hao. Kila mavuno hunililia jambo lile lile, kwamba mwenye lori ndiye apangaye bei, na mkulima hukubali kwa kuwa hana njia nyingine ya kufikisha magunia yake sokoni. Maneno yake ndiyo niliyokwenda nayo safarini.

Ukitoka Manyoni kuelekea mashariki nchi yaanguka ghafla, nawe waliona Bonde la Ufa limetandazwa chini yako. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo ilikuwa ikiupanda ukingo huu, ikapumzika Kilimatinde, kisha ikaingia Mgunda Mkali, pori la vichaka na kiu, kwenda Tabora. Wajerumani nao wakaweka boma Kilimatinde. Reli yao iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilipita hapa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hawakuijenga kwa ajili ya Manyoni. Macho yao yalikuwa ziwani na katika nchi za ng'ambo yake. Waingereza, katika miaka ya 1930, walijenga tawi kutoka Manyoni hadi Kinyangiri. Shehena ilipokuwa haba, katika miaka ya 1940 waliling'oa. Marehemu baba yangu alituonyesha tuta lake tulipokuwa wadogo, mbuzi wakilisha juu yake. Serikali yetu huru ndiyo iliyotandika tena reli mpaka Singida mjini.

Basi nikafika Makutupora. Reli ya zamani, ya upana wa mita moja, ingalipo. Ya kisasa ina upana wa milimita 1,435, na juu yake zimenyoshwa nyaya za umeme. Niliisimamia kitambo. Kwa kweli ni kazi ya kutazamwa, na mtu asiyestaajabu ana moyo mgumu. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita 300 za njia, na kutoka Morogoro hadi hapa ni kilomita 422. Abiria wa Dar es Salaam na Dodoma walianza kusafirishwa mwaka 2024. Mkataba wa kipande cha mbele, Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulitiwa saini mwaka 2021.

Waliojenga ni Waturuki, kampuni ya Yapı Merkezi. Hapo mwanzo wengi walidhani kazi yote ingekwenda kwa Wachina, lakini mwaka 2017 kipande cha kwanza walipewa Waturuki pamoja na kampuni ya Kireno. Wachina walipata Mwanza hadi Isaka mwaka 2021, kisha Tabora hadi Kigoma mwaka 2022. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba mwingine na kampuni za Kichina, wa reli ya kutoka Uvinza hadi Musongati nchini Burundi, kwenye madini ya nikeli. Msomaji ataona kwamba macho yangali ng'ambo.

Tusisahau TAZARA. Wachina waliijenga kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860, kwa mkopo usio na riba, ili shaba ya Zambia isipite kwa makaburu. Mwaka 2025 kampuni ya Kichina ilitia saini kuiendesha kwa miaka 30, na Marekani nayo yaisaidia reli ya Lobito, Angola, iivute shaba hiyo hiyo upande wa magharibi. Na mikopo ya siku hizi si kama ile ya kwanza: mwaka 2020 benki ya Standard Chartered ilitusimamia mkopo wa dola bilioni 1.46 kwa ajili ya reli hii, nao una riba yake. Wajukuu wetu watashiriki kuilipa, wapande gari hilo au wasilipande.

Liko jambo jingine ambalo barazani silisikii. Reli huenda na kurudi. Njia iwezayo kuteremsha alizeti ya Ikungi hadi pwani kwa nauli nafuu, yaweza pia kuyapandisha mafuta ya mawese ya Malaysia na Indonesia kwa nauli nafuu hiyo hiyo, mpaka karibu na mlango wa mwenye dumu kando ya barabara. Vinu vingi vya kukamulia mjini kwetu ni vidogo. Lori ghali, pamoja na dhuluma yake, limekuwa pia ukuta wao.

Niliporudi, shemeji hakuniuliza habari za Waturuki wala Wachina. Aliuliza nauli ya gunia moja kutoka Manyoni hadi Dar es Salaam, na kama mkulima wa magunia ishirini atapewa behewa au ataambiwa angoje wenziwe. Nikamjibu kuwa maswali hayo yaandikwe kwa watu wa reli sasa, kabla kazi haijakwisha. Baada ya sala ya isha wakulima saba walikuja nyumbani, wakaketi mkekani. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye hati nzuri, nikapewa kalamu.