Mwenye Kuuchonga Mshale

Watu wengi hudhani kwamba hisabu ya vita ni ya yule aliyeshika silaha na yule aliyemtuma. Ama yule aliyekaa mbali akapima, akachora, akaunganisha chuma na chuma, humwona kuwa ni fundi tu, mwenye kula jasho lake.

Mmoja katika vijana niliowasomesha Kurani hapa Amani, ambaye sasa ni mhandisi huko Ulaya katika kampuni ya mitambo ya kijeshi, alikuja kutuzuru akanieleza kazi yake. "Maalim," akasema, "mimi sijapata kushika bunduki. Kazi yangu ni kifaa kisichozidi kiganja, kinachoifanya ndege isiyo na rubani isiyumbe kwa upepo. Mwenzangu wa meza ya pili ana chake, nami sikijui. Hatuambiwi chombo kimeuzwa kwa nani. Mke wangu akiniuliza nimefanya nini leo, sina ruhusa ya kumjibu. Mshahara ni mzuri, na ndio unaomtibu mama. Lakini nikisikia nyumba imepigwa na watoto wamo ndani, chakula hakinipiti. Je, ni changu kile?"

Nilimwambia atazame hapa hapa alipozaliwa. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilijenga katika milima yetu hii ya Usambara chuo cha utafiti wa mimea na kilimo. Wataalamu wake walikuwa watu wa majani na mbegu. Vita vilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza zikaifunga pwani, bidhaa za Ulaya zikakatika. Wataalamu wale wale wakawa mafundi wa jeshi: wakatengeneza kwinini kwa magome ya mti, sabuni zipatazo 10,000, chokoleti, na chupa za ulevi zaidi ya 15,000, yote katika mwaka mmoja na nusu. Waingereza waliiteka Amani mwaka 1916, lakini vita viliendelea mpaka Novemba 1918, na wapagazi wetu wa pande zote mbili wakafa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Je, aliyetengeneza kwinini aliua? Dawa ni rehema, na mgonjwa aliyeinywa alipona. Lakini dawa ile ile ilimwinua askari akarudi vitani.

Dini yetu haikuikataza kazi ya silaha. Nabii Daudi (A.S.) alilainishiwa chuma akafuma deraya, akaamrishwa apime pete zake sawasawa na atende mema. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi tumefundishwa kwamba mshale mmoja huwaingiza Peponi watu watatu, naye mwenye kuuchonga ni mmoja wao, kwa sharti awe amekusudia kheri. Basi ikiwa mchongaji ana fungu katika thawabu, vipi atakosa fungu katika dhambi? Na atakusudiaje kheri mtu asiyejua mshale wake unakwenda kwa nani?

Sikumwambia aache kazi kesho, mama yake akakosa dawa. Wala sikumwambia atulie. Nilimwambia: "Mwanangu, uliza. Chombo hiki kinauzwa kwa nani? Kinamkinga nani, na kinampiga nani? Ukijibiwa, pima kama Daudi alivyopima pete. Ukikatazwa hata kuuliza, basi jua kwamba wanaitaka mikono yako na moyo wako hawautaki. Hapo tafuta riziki pengine, kwani elimu hiyo hiyo hujenga madaraja, na huunda pampu za maji na mashine za hospitali."

Amekwisha rudi Ulaya. Ameniandikia kwamba ameuliza mara mbili na hajajibiwa, na kwamba ameanza kutafuta kazi nyingine, ijapokuwa mshahara utapungua. Mama yake amemjibu kwamba kichache chenye utulivu kinamtosha.

Nasi wazazi tuna fungu letu. Mtoto akituletea fedha, tusimwulize ni ngapi tu. Tumwulize na zimetoka wapi. Mwenyezi Mungu aijaalie mikono ya vijana wetu iwe mikono ya kheri. Amin.