Gilberti na Ampere: Kitabu cha Zamani Hakidanganyi



Kazi ya kapita ni kukata maneno: nani ameketi fasi ya nani, nani hakupiga deki. Lakini mwezi uliopita nililetewa neno la fizika, na ninaliandika hapa kwa sababu linatugusa wote tunaongojea mtihani wa dola.

Wadogo wawili wa darasa la tano walikuwa wanafanya zoezi moja mu somo la jioni. Bobini ina mizunguko 500 ya waya, na ndani inapita ampere 2. Nguvu ya sumaku ya bobini hiyo, ile darasani tunaita fosi manyetomotrisi, ni ngapi? Mmoja alipata 1000. Mwingine alipata 1257. Wa kwanza alitumia kitabu kipya, wa pili kitabu cha zamani cha mu kabati yetu. «Iyi kitabu yako ni ya bongo!» Na wenzao wakaitika: kitolewe mu bibliyoteke, karatasi ziwashe moto wa jikoni.

Mimi nasema hapana. Vitabu vyetu vya fizika vinahesabika kwa vidole, na kile cha zamani ndicho kina mazoezi mengi kushinda vyote. Tukikichoma, tunachoma mazoezi yetu wenyewe. Tena wadogo wote wawili walihesabu vizuri! Wa kwanza alipata ampere-mzunguko 1000, wa pili gilberti 1257. Ni kitu kimoja.

Muone vile inavyokuwa sokoni. Mama anauza beseni ya maharagi kwa dola ao kwa franka. Namba inabadilika, maharagi ni yale yale. Wazazi wetu waliona zaidi: mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani ziligeuka zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya elfu 100 ziligeuka franka 1 ya Kongo. Hakuna aliyesema kwamba namba za zamani zilikuwa za uongo. Waliuliza tu: unahesabu mu feza gani? Na sisi kwa gilberti tuko na bahati: bei ya dola inapanda na kushuka, lakini bei ya gilberti haigeuki.

Jina lenyewe ni la William Gilbert, muganga wa Uingereza. Mwaka 1600 alitoa kitabu juu ya sumaku, akaonyesha kwamba dunia yetu yenyewe ni sumaku moja kubwa. Akafa mwaka 1603. Mu 1930 wataalamu wa umeme wa inchi mbalimbali walikubali jina lake kwa kipimo cha ile njia ya zamani, inayohesabu kwa sentimeta, gramu na sekonde. Halafu mu 1960 mkutano wa vipimo wa dunia ulikubali njia ya leo, ile ya SI, na gilberti ikabaki mu vitabu vya wazee.

Sasa ile 1,2566 inatoka wapi? Musiikariri kama kasuku. Iko na sehemu mbili. Ya kwanza ni 4π, ile ya eneo la uso wa mupira. Wazee waliiweka ndani ya kanuni hii. Wapya waliitoa hapa wakaihamishia fasi ingine. Ya pili ni 10: kipimo kikubwa cha umeme cha wazee kilikuwa sawa na ampere 10. Basi 4 mara 3,1416, gawanya kwa 10, unapata 1,2566. Ampere-mzunguko 1 ni gilberti 1,2566. Ukirudi nyuma, gilberti 1 ni ampere-mzunguko 0,7958.

Mtu atauliza: iko na faida gani? Yaya yangu anabobina mota huko Birere. Hajasikia hata siku moja jina la gilberti, lakini anajua kuhesabu mizunguko. Tuseme karatasi inaomba 1000, na waya inavumilia ampere 2. Kama ni ampere-mzunguko, atazungusha mara 500. Kama ni gilberti, mara 398 inatosha. Akizungusha 398 pahali pa 500, sumaku itakuwa zaifu. Na akitaka kuiongezea nguvu, itamuomba ampere kama 2,5 mu waya ya ampere 2. Hapo waya inapata moto, vernisi inaungua, na mwenye mota anarudi na kelele.

Basi wandugu, mushike haya matatu. Kwanza, soma herufi za kipimo mbele ya kushika kalamu: Gb ni gilberti, A ao At ni njia ya leo. Pili, geuza namba zote mwanzoni, usichanganye njia mbili mu hesabu moja. Kutoka ampere kwenda gilberti namba inakua. Kutoka gilberti kwenda ampere inapungua. Kama kwako imekwenda kinyume, simama. Tatu, usichanganye gilberti na oersted. Oersted ni gilberti kwa kila sentimeta, lakini sisi leo tunahesabu ampere kwa kila meta. Mu meta moja kuna sentimeta 100, kwa hiyo oersted 1 ni ampere 79,58 kwa meta, si 0,7958.

Kwa ruhusa ya mwalimu wa fizika, nimebandika namba hizi ndani ya jalada la kile kitabu. Kiko mu kabati, rafu ya pili. Anayekitaka aandike jina lake mu kaye, na akirudishe siku ya tano.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa masomo, darasa la sita