Sensa, Kihisi na Masizi

Wapenzi wa lugha, neno "sensa" limenikaa kichwani tangu mdogo wangu, mchuuzi wa samaki kati ya Musoma na Bunda, aniambie, "Kaka, sensa ya gari imekufa." Miaka yote niliyofundisha, sensa ilikuwa hesabu ya watu na makazi, kama ile ya Agosti 2022. Mafundi wamelitohoa upya kutoka Kiingereza, ilhali tunalo neno "kihisi", mtoto halali wa kitenzi "hisi".

Gari lenyewe ni la dizeli. Katika bomba la moshi mna kichujio kinachonasa masizi. Yakijaa, huchomwa kwa joto la nyuzi 600 hivi. Kihisi hupima, kupitia mipira miwili, tofauti ya kanieneo kabla na baada ya kichujio. Tofauti ikizidi, ni dalili kuwa kichujio kinaziba.

Taa ya injini ilipowaka na gari kukosa nguvu, fundi wa kwanza alihukumu papo hapo: nunua kichujio kipya. Bei yake ingemeza faida ya msimu mzima. Nilimsihi mdogo wangu atafute fundi mwingine.

Huyu alifungua swichi bila kuwasha injini, akasoma namba kwenye mashine ya kupimia. Injini ikiwa imezimwa moshi haupiti. Tofauti yapasa kuwa sifuri au karibu yake. Hapa ilikuwa kubwa. Kichujio kingelaumiwaje kwa moshi usiokuwapo? Akachomoa mipira, namba haikutikisika. Akapima nyaya kwa mita: volti 5 zilifika, waya wa hasi ulikuwa mzima, na ule wa kupeleka taarifa haukugusana na mwingine. Mwongo akabaki mmoja, kihisi chenyewe. Kilipobadilishwa, namba ilirudi sifuri, na safari ya Butiama kwenda na kurudi haikuwasha taa tena.

Sidai kwamba neno lingetengeneza gari. Mafundi wote wawili walisema "sensa". Lakini "kihisi" humkumbusha msikilizaji kwamba chenye kuhisi chaweza kuhisi visivyo, hivyo ushahidi wake upimwe kabla ya hukumu. Mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alimvisha Shakespeare Kiswahili, na vazi likamkaa. Lugha iliyombeba Kaizari haitashindwa na bomba la moshi. Washairi, tupelekeeni gereji maneno yetu, nasi tuyasikilize ya mafundi.