Ukoo Wenye Majina 107

Mwaka 2004 Andres Alonso na wenzake walichapisha orodha ya jeni 107 za binadamu, zote zikihesabiwa katika ukoo mmoja wa vimeng'enya: fosfatasi za tairosini. Kwa jina, kazi yao ni kubandua fosfati iliyobandikwa kwenye protini. Si kazi ndogo. Fosfati ikibandikwa au ikibanduliwa, protini huamka au hulala, na kwa amri za namna hiyo seli hukua, hugawanyika au hufa. Orodha ile nimeisoma mara nyingi, na ndiyo iliyobadilisha ninavyowatazama watu.

Alama ya ukoo ni fupi: sisteini, asidi amino tano zozote, kisha arginini. Arginini huishika fosfati, sisteini huing'oa. Lakini waandishi wale hawakuridhika na alama. Walitaka kujua kila kimeng'enya kinafanya nini hasa. Vilivyobandua fosfati za protini vilikuwa 81 tu. Vingine 13 hushughulikia mafuta ya utando wa seli, viwili RNA, na 11 havibandui chochote.

PTEN ndiyo inayonigusa zaidi. Ilipogunduliwa mwaka 1997, sura yake iliiweka moja kwa moja kati ya fosfatasi za protini. Mwaka uliofuata Tomohiko Maehama na Jack Dixon wakaonyesha kuwa inabandua fosfati kwenye PIP3, mafuta yanayoichochea seli kukua. Ikipotea, uchochezi huo hukosa wa kuuzuia. Ndiyo maana hukutwa imeharibika katika saratani nyingi za ubongo, tezi dume na mji wa mimba.

Tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimesikia methali hiyo ikimnyima kijana kazi, nikaisikia tena ikivunja posa, na siku hizi sikubali itajwe mbele yangu bila kuipinga. Wamo hata wasio wa damu moja katika orodha ile: CDC25 tatu zilifika kwenye sisteini na arginini zilezile kwa njia nyingine kabisa ya mageuko, na EYA nne hazitumii sisteini, hutumia aspatiki. Asili mbalimbali, kazi moja.

Halafu wapo wale 11. STYX, mahali pa sisteini, ina glisini. Mwaka 1995 Matthew Wishart na Dixon waliirudishia sisteini, ikaanza kubandua fosfati. Wataalamu waliiita fosfatasi mfu. Lakini mwaka 2002 walipochunguza panya wasio na STYX, waliona madume wanatengeneza mbegu chache mno. Kumbe STYX hushikana na protini nyingine, na huenda kushikana huko ndiko kunakohitajika.

Katika ukoo wetu yuko shangazi ambaye wajomba humtaja kuwa hana kazi. Hajawahi kupokea mshahara. Anachojua ni nani hasemi na nani, nani anadaiwa, na nani apewe chai kwanza ili hasira ishuke. Juzijuzi alilazwa, na kikao cha mahari ya mpwa wangu kikavunjika siku hiyohiyo kwa matusi. Wazee walibaki wakiulizana nani aende kuomba radhi upande wa pili, na hakuna aliyejua hata pa kuanzia.