Maganda ya Ndizi Ghorofani

Nyumba ya bibi yangu Ng'ambo, Unguja, ilikuwa na uwa, na pembeni mwa uwa palikuwa na jaa. Lile jaa Bibi alilipanga kama mtu apangavyo sufuria ya biriani: maganda ya ndizi, mapapai na maembe chini, juu yake majivu ya jikoni, kisha samadi ya mbuzi, na udongo wa kufunika ili nzi wasipate pa kutua. Maganda ya machungwa aliyatenga, maana huoza polepole na minyoo huyakimbia mafuta yake. Masika ikipita na vuli ikipita, alichota mboji nyeusi akaitia penye shina la asumini. Matumba yalichumwa alasiri kabla hayajafunguka, yakafungwa pamoja na mrehani na mlangilangi yakawa vikuba vya harusini.

Kisha tukahamia majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyoanza kujengwa zama za Mzee Karume kwa michoro ya wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Maji ya bomba na umeme tulivipata, uwa tukauacha nyuma. Asumini iliingia kwenye kopo la maziwa dirishani, na maganda yakashuka ngazi pamoja na taka nyingine. Mama alikuwa akinunua urea ya kupimiwa dukani. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, basi majani yalisitawi, ya kijani kibichi, hata wageni wakayasifu; maua ndiyo yaliyoadimika.

Siku hizi kila mwenye simu ana fundi wake wa maua. Roweka maganda ya ndizi katika chupa ya maji, anakwambia, kesho mwagilia, waridi litakushukuru. Mimi nayaonea shaka hayo maji. Ni kweli ganda la ndizi lina potasiamu nyingi, na kwa kuwa madini hayo hayakufungamana sana na nyama ya ganda, sehemu yake huingia majini upesi. Lakini naitrojeni ni kidogo, tena nayo hubaki gandani mpaka vijidudu viliozeshe. Aliyetunga dawa hiyo alichukua ndizi peke yake katika jaa la Bibi, akaacha majivu, samadi na ule muda wa kungoja.

Njia ya kuchachusha naiheshimu zaidi. Mkorea Cho Han-kyu aliieneza miongoni mwa wakulima: matunda yaliyoiva sana hukatwakatwa, yakachanganywa na sukari kwa uzito sawa, yakaachwa kama wiki moja mtungini, mdomo umefunikwa kitambaa ili hewa ya uchachu ipate njia. Mimi hutumia sukari guru. Maji yanayojichuja ni mazito, yananukia kidogo kama pombe (jambo ambalo mke wangu hapendi kulieleza kwa wageni), na lazima yazimuliwe sana, kijiko cha chai kwa lita tano za maji. Yakitiwa bila kuzimuliwa, sisimizi huhamia chunguni na mizizi huungua.

Hata hivyo chakula chenyewe cha mmea nimekirudisha kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, ipo roshani. Maganda nayakata vipande vidogo, kila tabaka nalifunika kwa udongo mkavu na majani makavu, majivu nayaomba kwa muuza mishikaki. Samadi nanunua kwa wafugaji wa shamba, iliyokauka vizuri, maana mbichi ghorofani ni ugomvi. Ndoo huiva upesi kuliko jaa la Bibi kwa sababu vipande ni vidogo na nageuza mara kwa mara. Asumini inatoa maua, si ya kujaza sinia, lakini yanatosha kikuba kimoja Ijumaa.

Majirani wameshazoea kuniletea maganda. Ya ndizi na mapapai nayapokea kwa mikono miwili. Ya fenesi nawarudishia mlangoni, kwa ajili ya ule ulimbo.