Kuishi na Lupasi Nyumbani Kwetu



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunapenda kuwaeleza wanafunzi wenzetu na wazee wetu juu ya maradhi ya lupasi. Anayeumwa ni dada yetu mkubwa, lakini nyumba nzima imebidi tujifunze kuishi nayo.

Kwanza, maradhi haya hayaambukizi. Tunakula naye sinia moja na tunalala naye chumba kimoja. Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili kinga, mfano wa askari wanaopigana na vijidudu. Kwa mwenye lupasi, askari hao huugeukia mwili wenyewe, wakashambulia viungo, ngozi, damu na hata figo. Katika kila wagonjwa 10, kiasi cha 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa bado vijana.

Kwa Dada yalianza kwa homa na maumivu ya vidole. Alitibiwa malaria, kisha taifodi, na homa ikarudi. Baadaye nywele zikapukutika, na wekundu ukatanda mashavuni na juu ya pua mfano wa kipepeo. Ndipo daktari akaagiza vipimo vya damu na mkojo, na maradhi yakajulikana.

Tangu hapo mambo mengi yamebadilika. Jua huweza kuyaamsha maradhi yaliyotulia, nasi hapa pwani jua ndilo letu. Kwa hiyo Dada hufanya shughuli zake asubuhi mapema au jioni. Akilazimika kutoka mchana hubeba mwavuli, na uso na mikono huipaka mafuta ya kukinga jua. Sokoni twaenda sisi. Asubuhi vidole vyake huwa vimekakamaa, basi mmoja wetu humfungulia mfereji apate kutawadha.

Dawa yake ya kila siku ni haidroksiklorokwini, ambayo hutumika pia kwa malaria. Mwaka 2020, wakati wa korona, watu waliikimbilia wakidhani ni tiba, ikaadimika. Tulizunguka duka hadi duka kutafuta vidonge vya wiki moja. Dawa nyingine ni prednisoloni. Hiyo hupunguza uvimbe wa viungo, lakini humfanya uso kuwa wa mviringo. Watu wakimwona husema, "Mashallah, umenenepa, umeshapona!" Wengine humshauri aache vidonge ashike dua peke yake. Ndugu zetu, kuacha dawa hiyo ghafla ni hatari kwa maisha. Dua tunamsomea, na vidonge anameza, na hatujaona ugomvi baina ya viwili hivyo.

Jambo zito kwake ni Ramadhani. Mwaka ambao figo zilimsumbua, daktari alimkataza kufunga, naye akalia kama aliyefiwa. Ustadhi wetu akamkumbusha kwamba katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na kwamba asiyetarajiwa kupona hulisha maskini. Dada akatulia. Lakini alikuwa akijificha jikoni kumeza dawa, kwa kuogopa jirani atakayesema, "Mbona mzima, na anakula mchana?"

Hapo ndipo penye tabu ya lupasi. Aliyevunjika mguu huonewa huruma kwa sababu bandeji inaonekana. Mwenye lupasi leo anacheka na wageni, kesho hawezi kuinuka kitandani, na uchovu wake hauna alama. Akipumzika huitwa mvivu. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi, wanafunzi wenzetu, mkimwona mwenzenu anakaa kivulini wakati wa mchezo, au anachelewa chuoni kwa maumivu, msimcheke. Muulizeni mumbebee nini. Na wazazi wetu, homa isiyokwisha ikifuatana na maumivu ya viungo na vipele vya usoni, mpelekeni mtoto hospitali apimwe mapema, kwani figo huweza kuharibika kimyakimya.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amponye dada yetu na wagonjwa wote wa Kiislamu na wasiokuwa Waislamu, na atupe sisi tunaowauguza subira njema. Amin.

Wabillahi tawfiq.