Je, Wimbo Usio na Maneno Una Lugha?

Katika masomo ya fasihi simulizi tunafundishwa kwamba uhai wa wimbo umo katika mambo mawili: maneno na mahadhi. Maneno tumeyachambua mpaka yamechoka. Tumehesabu mizani, tumesaka vina, tumetaja takriri na tashihisi. Mahadhi, aghalabu, tumewaachia wenzetu wa muziki. Makala haya yanahusu hicho tulichokiacha, nayo yametokana na hoja iliyozuka chamani tulipokuwa tukiandaa Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 ili iadhimishwe kila tarehe 7 Julai. Nilipendekeza nipige nyimbo tatu kwa ukulele, peke yangu, bila mwimbaji. Mwenzetu mmoja, msomaji hodari wa ushairi, akapinga. "Ndugu yangu," alisema, "ukishayaondoa maneno, Kiswahili kimebaki wapi? Hiyo itakuwa siku ya nyuzi, si siku ya Kiswahili."

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ikiwa ni kweli, basi kazi ninayoifanya kila jioni humu Machakos haina udugu wowote na taaluma ninayoisomea. Nimeona ni heri nimjibu kwa maandishi.

Kwanza nikieleze chombo, kwa kuwa wengi hukidhania kuwa gitaa la watoto. Ukulele ina asili ya visiwa viwili vilivyo mbali mno. Mwaka 1879 wahamiaji kutoka Madeira, kisiwa cha Wareno, waliwasili Honolulu na vigitaa vyao vidogo. Mafundi wa Hawaii wakaviunda upya hadi vikapata jina hili jipya. Ina nyuzi nne tu. Zaidi ya hayo, katika ufungaji wake wa kawaida uzi wa nne, ulio karibu na uso wa mpigaji, una sauti ya juu kuliko uzi wa tatu. Kwa hiyo chombo hiki hakina besi. Mwenye gitaa la nyuzi sita anaweza kumwachia kidole gumba kazi ya kutembea chini huku vidole vingine vikiimba juu. Mwenye ukulele hana pa kutembelea.

Hata hivyo, mafundi wa kutufunza tunao, na si wageni. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, katika Kongo. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na msikilizaji akadhani wako wapigaji wawili. Ufundi wake ulimvutia mtaalamu David Rycroft, ambaye aliyaandika mapigo yake kwa noti na kuyachambua mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hapa kwetu, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa nguzo ya mtindo wa omutibo wa magharibi mwa Kenya: gitaa moja, sauti, na chupa ya soda iliyogongwa ili kushika mwendo. Kwa Mwenda nilijifunza kwamba vidole viwili vinaweza kubeba wimbo mzima. Kwa Mukabi nilijifunza jambo lililonifaa zaidi: pasipo na besi, mwendo unaweza kushikwa na kitu kinacholia juu. Uzi wangu wa nne, usiofaa kuwa besi, nimeufanya uwe ile chupa.

Sasa nije kwenye lugha. Kiswahili si lugha ya toni; ni lugha ya mkazo, na mkazo huo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kila mwanafunzi anaujua mfano wa neno barabara. Tukitilia mkazo silabi ya tatu tunapata njia ya kwenda Kitui. Tukiurudisha kwenye ya pili tunapata sawasawa. Mwimbaji ana uhuru wa kurefusha silabi aitakayo, lakini mwimbaji mzuri haliachi neno lipoteze uzito wake. Uzito huo haumo katika herufi. Umo katika sauti, na kinachokaa katika sauti uzi unaweza kukibeba.

Basi kabla sijagusa chombo, huutamka wimbo mzima taratibu kama shairi. Kila penye mkazo napiga nyuzi mbili kwa mpigo mmoja, kidole gumba na kidole cha kati pamoja. Kila pasipo na mkazo napiga uzi mmoja, tena kwa ulaini. Mwimbaji anapovuta pumzi, nanyamaza. Kishawishi cha mpigaji ni kujaza kila pengo kwa mapambo, lakini pengo hilo ndipo sentensi inapoishia. Ukilijaza umeiondoa nukta.

Nililitia jambo hili katika mizani nilipokuwa Mwala kwa babu yangu, mzee aliyezisikia nyimbo hizi redioni zikiwa bado mpya. Nilimpigia "Malaika" mara mbili bila kuutaja. Mara ya kwanza niliugawa uzito kwa kuhesabu tu, moja mbili tatu nne, kila mpigo wa kwanza ukiwa mzito. Mara ya pili niliufuata mkazo wa maneno. Noti zilikuwa zilezile, na kasi ileile. Mara ya kwanza alisikiliza kwa adabu. Mara ya pili midomo yake ilianza kucheza. Nikamuuliza, "Babu, upi bora?" Akanijibu, "Huu wa pili unaimba, mjukuu wangu. Ule wa kwanza ulikuwa unahesabu."

Sidai kwamba jibu la mzee mmoja ni utafiti. Ila lilinionyesha kwamba kati ya vipigo viwili visivyo na neno hata moja, kimoja kilikuwa karibu na Kiswahili kuliko kingine.

Ugumu wa pili ni wa beti. Wimbo wenye beti nne hurudia mahadhi yaleyale mara nne, na hauchoshi kwa sababu maneno yanabadilika. Yakishaondoka, msikilizaji anasikia ubeti mmoja uliokwama. Mpangaji hana budi kutafuta mabadiliko mengine ya kushika zamu ya maneno. Ubeti wa kwanza naupiga mtupu, uzi baada ya uzi. Wa pili naongeza ile chupa. Wa tatu nayashusha mahadhi hadi uzi wa pili na wa tatu, ili yasikike kama sauti ya mtu mzima anayesema na nafsi yake. Kibwagizo sikibadilishi kamwe, maana kazi ya kibwagizo ni kuwarudisha watu nyumbani.

Nyimbo za huku kwetu Ukambani zilinipa funzo jingine. Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, aliiita bendi yake kwa jina la mlima Kilimambogo, nayo ilirekodi kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia. Katika benga gitaa halimfuati mwimbaji tu, humjibu. Wenye kuijua ngoma ya Kikamba wataukumbuka mpangilio huo: ngũi anatoa, umati unapokea. Katika nyuzi nne nimempa ngũi uzi wa pili na umati nyuzi mbili za pembeni. Lakini Kikamba, tofauti na Kiswahili, ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha maana. Katika wimbo wa Kiswahili naweza kuongeza pambo linalopanda mahali ambapo mwimbaji alishuka, mradi uzito usihame. Katika wimbo wa Kikamba pambo hilohilo laweza kumfanya mzee akunje uso, kana kwamba amesikia neno jingine. Ikiwa lugha mbili zinadai adabu mbili tofauti kutoka kwa vidole vilevile, tutasemaje kwamba lugha imeondoka?

Hata hivyo, sina budi kumpa mwenzangu haki yake. Nyuzi hubeba mkazo, pumzi na mpangilio wa beti, hazibebi maana. Asiyewahi kuusikia wimbo hatajua kutoka kwangu kwamba unahusu mapenzi au msiba. Tena, maneno yakitoweka, jina la mtunzi huwa karibu kuyafuata. "Malaika" ni ushahidi tosha. Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, ndiye aliyeusambaza kwa sahani yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akaupeleka ulimwenguni. Adam Salim naye alidai kuwa ndiye aliyeutunga. Ikiwa wimbo wenye maneno yanayojulikana kote umegombaniwa hivyo, wimbo mtupu utatetewa na nani?

Kwa ajili hiyo tulikubaliana chamani kwamba nyimbo zangu zitaingia katika ratiba kwa sharti moja: kabla ya kila wimbo jina lake, watunzi au wadai wake, na muhtasari wa maudhui yake vitasomwa kwa hadhira. Sharti hilo lilitoka kwa yuleyule aliyenipinga, nami naliona ni jema kuliko pendekezo langu la awali.

Ninalowaomba wanachama wenzangu ni dogo. Tunapokwenda nyanjani kukusanya nyimbo za wazee wetu, tusirudi na maneno peke yake kwenye daftari. Turekodi sauti, tuandike mkazo ulikaa wapi, mwimbaji alipumua wapi, na nani alimwitikia. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwaje ikiwa waliobaki wanayajua maneno yake tu na hawajui yalivyoimbwa?